Tangi la Maji ya Bahari Nyumbani: Chota Maji, Acha Matumbawe

Mtu wa Unguja au Pemba akitaka kuweka kipande cha bahari sebuleni kwake, ana bahati ambayo mtu wa Dodoma hana, na ana kishawishi ambacho mtu wa Dodoma hana. Bahati ni maji. Yako pale, bure, na yana chumvi na madini yote anayoyahitaji kaa, konokono na tumbawe. Kishawishi ni kila kilichomo ndani ya maji hayo. Bahari ikipwa unatembea kwa miguu mpaka mwambani, unainama, na unaona vitu vimepangwa kama duka lisilo na mwenyewe.

Basi sharti langu nalitanguliza: ndoo ichote maji, matumbawe yabaki. Kung'oa tumbawe hai ni kosa, na hata lisingekuwa kosa, hesabu yake haikubali. Tumbawe la bonge hunenepa kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo lile la ukubwa wa nazi unalolitamani lina umri wa mtoto wa skuli. Ukilitia katika tangi jipya litakufa ndani ya wiki chache, lioze, liue na wenziwe. Mwaka 1998 joto la bahari liliangamiza matumbawe mengi huku kwetu, na mwaka 2016 yakapauka tena. Mwamba una shida zake za kutosha bila ya sisi na nyundo zetu.

Tutajenga tangi la lita 100 hivi lenye mwamba wa mawe makavu, mwani, konokono, kaa duvi na samaki mmoja au wawili wadogo. Habari ya matumbawe tutaizungumza mwishoni, na ni ya mwaka wa pili.

Njia yenyewe si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwashangaza wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani. Wenzake walikuwa wakisugua kila kitu mpaka kinang'aa, na viumbe wao wakifa vilevile. Yeye alitia maji ya bahari, mawe yenye uhai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, akawaachia vijidudu kazi ya usafi. Alikuwa mtu wa nchi ya joto, jirani wa bahari, kama sisi. Ninapoachana naye ni kwenye mawe na kwenye jua: sababu ya mawe nimeshaitoa, ya jua inakuja.

Mahali na tangi lenyewe

Kioo cha urefu wa sentimita 80, upana 40 na kina 40 kinatosha. Ukijaza mpaka sentimita 35 na kutoa nafasi ya mawe, unabaki na maji ya lita 100 hivi. Usiende chini ya hapo kwa kudhani kuwa kidogo ni rahisi. Maji machache hupata joto upesi, huchafuka upesi, na huzidi chumvi upesi. Tangi la lita 30 ni la fundi mkongwe.

Jumla ya kioo, maji na mawe hufika kama kilo 150. Nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji haina neno. Wakaao ghorofani Mji Mkongwe wanisikilize: sakafu zenu zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ikibanwa na chumvi na unyevu kwa miaka huoza mahali usipopaona. Weka tangi ukutani, pale ncha za boriti zinapoingia ndani ya ukuta, si katikati ya chumba. Na kama dari ya jirani wa chini imeshaanza kuteremsha chokaa, acha kabisa mpango huu.

Fundi vioo wa mjini anaweza kukuunganishia. Mwambie kioo cha milimita 8, na silikoni safi ile inayonuka siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu; dawa hiyo huua viumbe. Iachwe ikauke wiki nzima. Kisha jaza maji ya bomba, uliweke barazani siku mbili juu ya gazeti kavu. Gazeti likilowa utalijua tatizo kabla halijaharibu busati. Chini ya tangi tandika karatasi nene ya sponji, maana meza za mafundi wetu hazikosi kibonde, na kioo hakipendi kibonde.

Meza ya chuma ipigwe rangi mara mbili. Chumvi ya tangi hupanda, hukauka, huanguka kama unga mweupe, na chuma kisicho rangi hakimalizi mwaka.

Mbali na dirisha la jua, tafadhali. Lee Chin Eng alitumia jua, lakini tangi lililopigwa na jua la saa sita la mwezi wa Februari ni sufuria.

Mawe

Nchi yetu yenyewe ni mwamba wa zamani. Ukitoka mjini kwenda kusini au mashariki, kule maweni ambako jembe haliingii, unakanyaga matumbawe yaliyokufa maelfu kwa maelfu ya miaka nyuma, bahari ilipokuwa juu zaidi. Jiwe hilo ndilo lililojenga Mji Mkongwe, na ndilo litakalojenga tangi lako. Lina matundu, ni la chokaa, na halimdhulumu yeyote. Chukua vipande kutoka machimboni au kwa fundi anayejenga, kabla havijaguswa na saruji. Vipande saba au vinane vya ukubwa wa konzi mbili mpaka kichwa cha mtoto, kilo 12 hadi 15 kwa jumla.

Kujua kama ni chokaa hasa, kamulia ndimu. Likitoa vipovu, ndilo.

Matunduni mna udongo mwekundu, mizizi, wakati mwingine na tandu. Sugua kwa brashi ngumu, pigilia maji ya mpira kwa nguvu, kisha zamisha kwenye pipa la maji matamu kwa wiki tatu, ukibadilisha maji kila baada ya siku chache. Watu huona uvivu hapa. Mimi nilifanya siku tatu tu mara ya kwanza, na nikalipa kwa miezi minne ya mwani wa nyuzinyuzi uliofunika kila kitu kama ndevu, kwa sababu udongo uliobaki ndani ulikuwa ukitoa fosfati, chakula cha mwani, pole pole. Usichemshe mawe. Jiwe lenye maji ndani likipata moto linaweza kupasuka usoni mwako.

Kabla ya kupanga, vaa miwani ya kuzamia ukautazame mwamba wenyewe, au nenda Chumbe, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994, uone jinsi unavyokaa: mapango, vichochoro, na nafasi tupu nyingi. Wengi wetu tunapanga mawe kama ukuta wa shamba, yameegemea kioo cha nyuma, maji hayapiti. Acha upana wa vidole vinne kila upande ili brashi ipite. Jiwe la chini likae imara juu ya kioo. La juu litikisike hata kidogo, libadilishe.

Mchanga sitii. Kuchota mchanga wa pwani kuna masharti yake, na mchanga usiotunzwa hugeuka jaa la uchafu. Kioo kitupu chini si kizuri machoni kwa mwezi wa kwanza, lakini kinafutika.

Maji

Hapa ndipo palipo na kazi, na hapa ndipo ufugaji wetu unapotofautiana na wa watu wa mbali wanaonunua chumvi ya paketi na kukoroga.

Usichote mbele ya Mji, wala Malindi, wala Funguni. Mitaro ya mji huishia baharini na boti humwaga mafuta. Nenda pwani ya wazi, mbali na mto, mbali na hoteli. Kwa Pemba, ghuba zilizojaa mikoko ni nzuri kwa kaa wa kula lakini maji yake yana tope. Tafuta upande unaotazama mkondo. Chota maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, kwa sababu hapo ndipo maji ya nje, masafi, yanapoingia. Mimi huzikwepa siku za bamvua, kwani nguvu yake huvuruga kila kilichotulia. Na wakati wa masika, baada ya mvua kubwa, subiri siku tano au sita. Maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi, nawe ukichota juu juu unaleta nyumbani kitu ambacho si bahari wala si mvua.

Madumu yawe ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula au maji, si ya sabuni, si ya dizeli, hata kama yameoshwa mara kumi. Chuja kwa kitambaa cha pamba safi kilichofuliwa bila sabuni. Kwa kujaza mara ya kwanza, maji mabichi ni mazuri, yanakuja na bakteria tunaowahitaji. Ya akiba, yafunike gizani wiki mbili, vijidudu vya maji vife na vitulie chini, kisha chota ya juu.

Bibi mmoja wa pwani aliponiona nikijaza dumu la tano aliniuliza, "Mwanangu, chumvi imekwisha dukani?" Nikamweleza. Akacheka: "Wenzio wanawatafuta samaki wa kula hawawapati, wewe unawatafuta wa kutazama."

Pima chumvi. Bahari yetu huwa karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na kipimo cha uzito huonyesha 1.025 au 1.026. Kipimo cha macho, kile cha kutia tone na kuchungulia, ni bora kuliko cha kuelea, lakini kinadanganya kikikaa muda mrefu. Kukirekebisha: pima kwa mizani ya jikoni gramu 36.5 za chumvi ya kawaida, ongeza maji yaliyosafishwa mpaka jumla ifike gramu 1,000. Mchanganyiko huo unapaswa kusoma 35. Usiposoma hivyo, zungusha kiskurubu.

Sasa sikiliza jambo lililoniulia viumbe. Maji huruka hewani, chumvi hairuki. Tangi la ukubwa huu likipulizwa na feni hupoteza lita 1 na nusu hadi 2 kwa siku. Kinachopungua ni maji matamu, kwa hiyo kinachorudishwa lazima kiwe maji matamu. Nilipokwenda Wete kwenye arusi nilimwachia mpwa wangu kazi, nikamwambia, "Yakipungua ongeza maji." Sikusema maji gani. Madumu ya bahari yalikuwa pale pale, mtoto akaongeza ya bahari, lita 2 kwa siku kwa siku 9. Fanya hesabu: gramu 70 za chumvi kila siku, zaidi ya gramu 600 kwa jumla. Niliporudi kipimo kilisoma 41. Kamba wote walikuwa wamekufa, konokono wamejifungia magambani. Mtoto hakuwa na kosa.

Bandika utepe kwenye kioo, kwenye usawa wa maji, na kila asubuhi rudisha mpaka hapo. Maji gani matamu? Ya kisima cha kwetu yamepita kwenye chokaa, ni mazito, na kila siku yanaongeza kitu. Ya bomba yana klorini. Mvua ndiyo bora, lakini si ile inayoteremka kwenye bati: bati hutoa zinki, na kaa na konokono hawaivumilii. Weka beseni uwanjani, dakika kumi za mwanzo zipite kwanza, kisha kinga. Kiangazi nunua maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa mtambo.

Joto, mwanga na mwendo

Mafundisho mengi ya ufugaji huu yameandikwa na watu wa baridi. Ukurasa wa kwanza wanakwambia nunua hita. Wewe huihitaji, hata kusi la mwezi wa saba haliliteremshi tangi la ndani kiasi cha kutisha. Adui wako ni kaskazi, Januari hadi Machi, nyumba ya bati, umeme umekatika na upepo umelala. Lenga nyuzi 25 hadi 28. Ikigonga 30 shughulika.

Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huteremsha nyuzi 2 au 3. Inafanya hivyo kwa kuyarusha maji, ndiyo maana nimetangulia kuzungumza habari ya kuongeza. Tangi lisifunikwe kwa kioo. Weka wavu wa plastiki ili samaki asiruke. Siku ikizidi, elesha chupa moja ya maji ya barafu iliyofungwa vizuri, si barafu tupu, wala si chupa nne kwa pamoja, kwa sababu kushuka ghafla kunaumiza kama kupanda.

Taa ya LED nyeupe yenye buluu inatosha, saa 8 kwa siku. Hakuna anayelazimisha ziwe za mchana. Yangu huwaka saa 9 alasiri na kuzimwa saa 5 usiku: tangi halipati joto la taa juu ya joto la adhuhuri, na mimi nipo nyumbani kulitazama.

Pampu ya kusukuma maji iwe ya lita 1,000 kwa saa au zaidi, ielekezwe juu ili uso wa maji uchezecheze. Hapo ndipo hewa inapoingia. Mashine ya kutoa povu, ile inayovuta uchafu kwa mapovu, si lazima kwa tangi lenye viumbe wachache linalobadilishwa maji kila wiki. Fedha yako iweke kwenye vipimo.

Umeme na maji ya chumvi ni jambo la mauti. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Soketi iwe pembeni, si chini ya tangi. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Kungoja

Tangi limejaa, pampu inazunguka, mawe yamekaa. Tia kamba mmoja mbichi wa kula. Basi, ngoja.

Kamba ataoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu, tena kwa maji ya bahari na joto letu ni sumu kali zaidi. Bakteria waliokuja na maji watajenga makazi kwenye matundu ya mawe, waigeuze kuwa nitriti, ambayo nayo si njema, kisha kundi jingine liigeuze kuwa nitrati, inayovumilika. Pima kila siku ya tatu kwa vipimo vya matone. Utaona amonia inapanda na kushuka, nitriti inapanda na kushuka, mwishowe zote mbili sifuri na nitrati imebaki. Huchukua wiki nne hadi sita. Katikati ya muda huo mawe yatafunikwa na vumbi la rangi ya kahawa na watu wa nyumbani watakuuliza kama umeharibu. Hujaharibu. Litaondoka lenyewe.

Ukimaliza, badilisha nusu ya maji.

Wakazi

Kwanza uliza. Usichukue kiumbe hata mmoja ndani ya eneo la hifadhi kama Chumbe au Misali. Kwingineko zungumza na kamati ya wavuvi ya shehia, na ikibidi kibali kiko chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kuna watu wanaolinda pwani hizo kwa miaka. Wakikuona na ndoo bila salamu watakuuliza, na wana haki.

Anza na konokono wadogo walao mwani, watano, na kaa duvi watano, wale wanaoishi ndani ya magamba ya kuazima. Watie magamba matupu makubwa kidogo kuliko waliyonayo, la sivyo watapigana na kumuua konokono ili wapate nyumba yake. Konokono mwenye gamba la umbo la pia usimguse kamwe, hata akiwa mzuri vipi. Ana mwiba wa sumu, na wapo wa aina yake wanaoua watu.

Baada ya mwezi, kamba wadogo wawili. Baada ya mwezi mwingine, samaki mmoja mdogo wa vidimbwini, asiyezidi urefu wa kidole hata akikua. Hapa majina yanasaidia kukataa: kikande atawavunja kaa wako wote, kitatange wengi hula nyama ya matumbawe na hufa njaa tangini, kangaja anataka nafasi ya kuogelea ambayo huna, na ana wembe mkiani, chewa mdogo ni chewa mkubwa anayengoja, bunju ana sumu, pweza atatoka usiku utamkuta chini ya kochi. Watoto watadai yule wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anayelala ndani ya anemoni, kiumbe laini mwenye mikono inayochoma. Anemoni si wa tangi changa, hutaka mwanga mkali na maji yaliyotulia mwaka mzima. Samaki mwenyewe aliyezalishwa kifugoni huishi bila ya anemoni, lakini wa mwambani mwache na nyumba yake.

Kila mgeni aingie pole pole. Muweke katika ndoo na maji yake, chukua mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, vuta maji ya tangi yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde, saa nzima. Kisha muhamishe yeye, maji ya ndoo yamwage.

Chakula: kamba na ngisi waliokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, wakasuuzwa, wakagandishwa. Mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Dagaa wana mafuta mno. Mgeni akitaka kutupia kipande cha mkate, mzuie kwa adabu.

Kila wiki

Ijumaa asubuhi nabadilisha lita 10. Navuta uchafu wa chini kwa mpira, nafuta kioo, napima chumvi na nitrati, narudisha maji ya bahari ya akiba yaliyofikia joto la nyumba. Nusu saa. Nitrati ikibaki chini ya miligramu 10 kwa lita nimeridhika. Ikipanda, napunguza chakula kabla ya kufikiria dawa yoyote. Dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hili. Shaba huua kila asiye na uti wa mgongo. Pete ya shaba mkononi pia ivue.

Dawa ya mbu na giza

Haya mawili hayamo katika mafundisho ya watu wa mbali.

Dawa ya mbu ya kupuliza ni dawa ya wadudu, na kaa na kamba ni jamaa wa wadudu. Usipulize chumba chenye tangi. Wapuliziaji wa malaria wakipita mtaani, waambie mapema, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni na juu yake shuka iliyolowa, ufungue madirisha muda mrefu kabla ya kufunua. Udi na ubani havijawahi kuniulia kitu, ila pampu ya hewa hunyonya moshi, kwa hiyo naihamishia dirishani arusi zikikaribia.

Umeme: waliokuwapo Unguja wanakumbuka giza la mwezi mzima mwaka 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Siku hizi ni saa chache, lakini saa chache za usiku wa joto zinatosha kumaliza hewa ya maji. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 huendesha pampu ya wati 5 usiku mzima. Huna? Chukua kopo, chota na mimina kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Usilishe mpaka umeme urudi.

Matumbawe, kama bado unayataka

Mwaka umepita, chumvi haichezi, joto halichezi. Sasa pima kalsiamu, iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na ugumu wa kaboneti, nyuzi 7 hadi 10 za kipimo cha ugumu, si za joto. Maji ya bahari huja nazo zote mbili, na ukibadilisha lita 10 kila wiki kwa matumbawe machache laini huenda usiongeze kitu.

Yatafute yaliyokatwa kutoka matumbawe ya kufugwa. Matumbawe mawe, yale ya mifupa migumu, yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali; muuzaji asiye na karatasi ameyang'oa mahali, na mahali penyewe huenda ni nyuma ya kisiwa cha Bawe. Anza na laini, mmoja, katikati ya kina. Akifunga siku mbili si neno. Akipauka, angalia kipimajoto kabla ya taa. Vaa glavu kila unapoyashika, kwa kuwa baadhi ya yale yanayofanana na vifungo vya rangi yana sumu nzito, na jiwe lenye hayo halisuguliwi kwa nguvu wala halimwagiwi maji ya moto.

Kilichotoka kwingine kikikushinda usikirudishe baharini kwetu, hata kama unaona ni huruma. Tafuta mfugaji mwenzako. Na yale maji machafu ya Ijumaa, mwaga chooni. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiyamwaga uani, na mgomba wa mama, ule wa mkono wa tembo, ulikauka kutoka ncha za majani mpaka shinani.